Kuta na Malango ya Bury St Edmunds

Katika mji wa Bury St Edmunds, mashariki ya Uingereza, mna uwanja wa makaburi wenye mabaki ya kuta kuukuu na malango ya mawe. Hapo palikuwa na abasia, nyumba kubwa ya watawa, iliyoitwa kwa jina la Mfalme Edmund, aliyeuawa na Wadeni mwaka 869.

Lango moja ni mnara wenye tao la nusu duara, uliojengwa zamani za Abati Anselm, kati ya miaka 1120 na 1148. Lango la pili lina habari ya huzuni. Watawa waliutawala mji na kuutoza ushuru. Mwaka 1327 wenyeji wakaghadhibika, wakalivunja lango. Watawa wakajenga jingine, zuri kwa nakshi, lakini ukutani mwake mna matundu ya kupigia mishale.

Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII aliifunga abasia. Mawe yake yakachukuliwa kujengea nyumba za mjini, na kanisa la watawa likawa gofu. Bali makanisa mawili ya wenyeji, la Mt. Yakobo na la Mt. Maria, yangali yasimama uwanjani mumo humo. Na mnara wa Anselm ukawa mnara wa kengele wa Mt. Yakobo.

Ndugu wasomaji, sisi nasi twajenga makanisa. Basi tukumbuke: matundu ya mishale hayakuiokoa abasia, yaliyodumu ni yale ambayo watu waliyaita yetu.