Kutoka laini ya Thika hadi pochi ya bitkoini: nani ameichungulia mashine ndani?

Tarehe 11 Oktoba 2005, maduka manane ya katikati mwa Nairobi, Mathare na Thika yalianza kupokea na kutoa pesa kwa ujumbe wa simu. Wateja hawakufika 500, wote wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Walichotakiwa kufanya ni kurejesha mikopo yao kwa simu. Jaribio hilo ndilo M-Pesa.

Wateja waliigeuza huduma hiyo haraka kuliko walioibuni walivyotazamia. Kuna walioweka pesa dukani jioni, benki zikiwa zimefungwa, ili zilale salama. Kuna walioziweka mwanzo wa safari wakazitoa mwisho wa safari, saa chache baadaye. Anayeikumbuka barabara ya Thika kabla ya kupanuliwa, foleni za Ruiru na Githurai zikiwa vile, haulizi kwa nini mtu hakutaka kubeba noti mfukoni.

Ufundi wote ulikuwa ndani ya laini ya simu. Mteja alilazimika kubadilisha laini ya zamani apewe mpya iliyobeba menyu ya M-Pesa pamoja na ufunguo wa siri. Alipoweka kiasi na namba yake ya siri, laini yenyewe ndiyo iliyofunga ujumbe kwa ufunguo huo kabla haujatoka kwenye simu. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza, na kwa miaka mingi mitambo ilikaa Ujerumani, hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mkopaji wa Thika hakuweza kuufungua mfumo huo auchungulie, wala hakuombwa auchungulie.

Basi aliamini nini? Aliamini vitu vilivyo mbele ya macho yake: ujumbe wa kuthibitisha uliomfikia papo hapo, daftari la wakala alilotia sahihi, na pesa taslimu alizohesabiwa mkononi. Nyuma ya hayo palikuwa na akaunti ya amana katika benki ya Commercial Bank of Africa, iliyoshika shilingi halisi kwa kila shilingi ya kwenye simu. Kelele kuhusu M-Pesa zilipozuka mwishoni mwa 2008, kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, aliagiza mfumo ukaguliwe, na Januari 2009 serikali ikasema uko imara. Mashine ilibaki imefungwa, lakini palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Bitkoini iliondoa huyo mtu wa kuulizwa. Anayetunza sarafu zake mwenyewe hana wakala wala nambari ya huduma kwa wateja. Ana ufunguo tu. Ukipotea au ukiibwa, hakuna wa kurudisha muamala. Ndipo vikaja vifaa vidogo vya kutunzia ufunguo huo mbali na kompyuta yenye virusi. Mwaka 2014 kampuni ya SatoshiLabs ya Prague ilitoa Trezor, na ikaweka wazi msimbo wa programu inayoendesha kifaa ili yeyote ausome. Ledger ya Ufaransa ilichukua njia inayofanana zaidi na ile ya laini ya Thika: chipu ya usalama ambayo sehemu kubwa ya programu yake ni siri ya kampuni.

Watu wa usimbaji wana sababu ya kuishuku siri ya aina hiyo. Mwaka 1998 watafiti wa Berkeley, Marekani, walivunja COMP128, kanuni ya siri iliyotumika katika laini nyingi za GSM. Ilipofichuliwa tu, udhaifu wake ulionekana upesi. Ingesomwa na wengi tangu mwanzo, pengine isingefika sokoni.

Kwa wateja wa Ledger jambo hilo lilijitokeza Mei 2023, kampuni ilipotangaza huduma ya Ledger Recover, inayogawanya nakala ya ufunguo iliyosimbwa na kuwakabidhi watunzaji watatu, kwa mteja atakayependa. Wengi walikuwa wameelewa kwamba ufunguo hauwezi kamwe kutoka kwenye kifaa. Kumbe sasisho la programu lilitosha kuutoa, mwenyewe akikubali. Hasira ilikuwa kubwa hata huduma ikaahirishwa, na kampuni ikaahidi kufungua sehemu zaidi ya msimbo wake.

Msiseme basi kilicho wazi ndicho salama. Januari 2020 maabara ya usalama ya Kraken, soko la sarafu za kidijitali, ilionyesha kwamba mwenye Trezor ya wakati huo mkononi angeweza kuchomoa ufunguo ndani ya dakika 15 hivi, kwa sababu chipu yake ilikuwa ya kawaida. Msimbo ulisomeka vizuri. Chuma ndicho kilichokuwa dhaifu. Na Trezor Safe 3, iliyotoka 2023, imeongezewa chipu ya usalama ya Infineon, ambayo ndani yake hapasomeki. Kila upande umeazima kitu kwa mwenzake.

Kwa maoni yangu, msimbo ulio wazi ni ruhusa ya kukagua tu, na ruhusa isiyotumiwa haimlindi mtu. Mkaguzi lazima aitengeneze programu upya kutoka msimbo ule ule, kisha alinganishe alama yake na ya ile inayotolewa na kampuni. Kati ya Ruiru na Thika, pale Juja, kiko chuo cha JKUAT chenye wanafunzi wa kompyuta na elektroniki. Kazi hii wanaiweza.

Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, lakini hiyo inasimamia kampuni. Ufunguo ulio kabatini mwako hauna mdhamini. Nunua kifaa kwa mtengenezaji au muuzaji aliyeidhinishwa naye, na hakikisha maneno ya siri yanazalishwa na kifaa chenyewe mbele yako. Ukiuziwa kilichokuja na maneno hayo tayari yameandikwa kwenye karatasi, usiweke hata senti: aliyeyaandika anayo nakala.