Kuufunga Mwaka katika Nchi ya Uzaramo

Katika vitabu vya shule mwaka huelezwa kuwa ni muda ambao dunia huutumia kulizunguka jua mara moja. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi kumwelewesha mwanafunzi jinsi wazee wetu wa Pwani walivyouona mwaka. Kwao mwaka ulikuwa pia hesabu baina ya watu: nani anamdai nani, nani amemkosea nani, na ni jambo gani lisilostahili kuvushwa hadi msimu wa pili. Katika makala haya tunakusudia kuitazama hesabu hiyo kwa upande wa Uzaramo, hususan nchi ya Kisarawe, tangu zamani za kanda la Pazi hadi kodi ya Wajerumani.

Kisarawe ya leo haina bahari. Mji wake umekaa penye vilima vya Pugu, na Maneromango, Msanga na Kisangire viko bara zaidi. Lakini mipaka ya wilaya ni kitu cha juzi. Kabla Mkuranga haijawa wilaya peke yake, bandari ya zamani ya Kisiju ilihesabiwa kuwa katika Kisarawe. Na kabla ya wilaya zote, Mzaramo alishuka pwani na sandarusi na nafaka, akarudi kwake na chumvi, samaki na nguo. Mtu aliyeuza na kununua pwani ilimlazimu ajue pia siku za pwani zinahesabiwaje.

Masimulizi ya kale yanatuambia kwamba Washomvi, waliokaa katika miji ya ufukweni kama Mzizima, Kunduchi na Kaole, walishambuliwa na Wakamba wakazidiwa nguvu. Wakamwendea Pazi, mkuu wa Wazaramo, kumwomba msaada. Pazi akateremka na watu wake, Wakamba wakafukuzwa, na Washomvi wakakubali kumpa mwokozi wao ada ya kila mwaka. Ada hiyo ikajulikana kwa jina la kanda la Pazi. Kanda ni mfuko uliosukwa kwa ukindu au kwa majani mengine ya aina hiyo, na ndani yake yaliingia mazao ya bahari na bidhaa za mjini.

Wanahistoria wengine wamelitazama kanda hili kama kodi ya mshinde kwa mshindi. Sisi tunaona kwamba jina hilo halilitoshi. Washomvi hawakushindwa na Pazi. Waliokolewa naye, na deni la kuokolewa halina bei inayoweza kulipwa mara moja ikaisha. Kwa hiyo wakubwa wa pande zote mbili walilikata deni hilo vipande vya mwaka mmoja mmoja. Kanda likishatoka na kupokewa, mwaka umefungwa: mtu wa bara aliingia mjini kama mgeni mwenye haki, na mtu wa mjini akapanda bara kufanya biashara. Kanda lisipotoka, jambo lilibaki likining'inia, na kila mmoja alifahamu kwamba mgeni wa mwaka jana angeweza kuja mwaka huu na mkuki. Mwalimu akifundisha habari za mikataba baina ya mataifa, tunadhani angeweza kuanzia hapa kabla ya kwenda Ulaya.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe ya siku. Watu wa Pwani walikuwa na miaka miwili iliyokwenda sambamba. Mmoja ni mwaka wa Kiislamu ufuatao mwezi, wenye siku 354 au 355. Huo huongoza saumu na sikukuu, lakini hauwezi kumwongoza mkulima wala nahodha, kwa kuwa Ramadhani huzunguka katika majira yote, ikaja mara wakati wa masika na mara wakati wa kiangazi. Kwa kazi za shamba na za chombo ulitumika mwaka wa jua, wenye siku 365. Huo ulihesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Miongo 36 hufanya siku 360, na siku 5 husalia. Nahodha aliuliza tuko mwongo wa ngapi kabla ya kutweka tanga, na mkulima akauliza vilevile kabla ya kutia mbegu ardhini. Siku ya kwanza ya hesabu hiyo huitwa Nairuzi, neno lenye asili ya Kiajemi, au kwa Kiswahili cha kila mtu, Siku ya Mwaka.

Yaliyofanyika siku hiyo katika karne ya 19 yameandikwa na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Anaeleza kwamba watu walikoga baharini, kisha wakapika chakula kingi cha nafaka na kunde zilizochanganywa, wakakigawa bila kuuliza nani ni nani. Mioto yote ikazimwa, na moto mpya ukawashwa kwa kupekecha vijiti viwili. Tena anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: hapo zamani maovu yaliyotendwa siku hiyo, hata damu iliyomwagika, hayakuulizwa, na ugomvi wa zamani ndiyo siku uliyopiganwa ukaisha.

Yafaa tusimame kidogo hapa. Msomaji wa leo akiambiwa kwamba ilikuwapo siku ambayo mtu angeweza kupigwa na shauri lisipelekwe popote, atasema huo ni ushenzi, na kwa upande wa damu hatuna hoja ya kumpinga. Lakini na atazame mpango wenyewe ulivyokuwa. Siku moja iliwekwa, ikajulikana na wote. Aliyekuwa na kinyongo hakuwa na ruhusa ya kukitunza mpaka apate gizani nafasi ya kukitoa; alipaswa kukileta hadharani, mbele ya majirani na jamaa. Na jua la siku hiyo likishatua, kilichobaki moyoni hakikuwa na siku nyingine. Kuzima moto nako kulikuwa na maana ya namna hiyo hiyo, kwa sababu moto wa jikoni ulidumu siku hata siku, ukifukiwa majivuni usiku na kupulizwa alfajiri, na kuuzima kwa hiari lilikuwa jambo zito kwa mama mwenye nyumba.

Desturi hii haikufa. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimishwa kila mwaka kwa jina la Mwaka Kogwa, na kogwa ni kuoga kulekule baharini. Wanaume wa pande mbili hupambana, na silaha yao sasa ni vigogo vya migomba, ambavyo huumiza kidogo na kuchekesha sana. Wanawake huimba nyimbo za mafumbo na matusi ambazo siku nyingine zisingevumilika. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, mtu akaingia ndani, kikatiwa moto, naye akatoka mbio. Watalii hupiga picha za moto. Wenyeji, kwa kadiri tulivyofahamu, huyajali zaidi mapigano, kwa kuwa ndiyo yanayosafisha vifua.

Kwa upande wa Mrima tuna shahidi wa kwetu. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten, kwa sehemu kubwa kimetoka katika kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa asili ya Uzaramo aliyesomesha Kurani Bagamoyo, kisha akafundisha Kiswahili Berlin. Yeye huzieleza desturi za pwani na za bara yake kama mtu aonyeshaye vyumba vya nyumba moja. Hatusemi kwamba kila kijiji cha Kisarawe kilikoga baharini Siku ya Mwaka. Safari ya kutoka Maneromango hadi maji ya chumvi si fupi. Tunachosema ni kwamba kanuni ilikuwa moja. Hadi leo, maiti akiwa hajazikwa, jamaa husimama mbele ya watu na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu na ajitokeze kwa ndugu zake. Deni hutajwa, likapata mwenyewe, ndipo maisha yakaendelea.

Katika nchi yenye kanuni hiyo ndimo serikali ya Wajerumani ilimoleta kodi. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, ikaanza kutumika mwaka 1898, na nyumba ya shamba ikadaiwa rupia 3 kwa mwaka. Watu walizoea ada za kila mwaka, kama tulivyoona. Jambo geni lilikuwa kwamba deni hili halikuwa na asili. Nani aliokolewa, na kutoka kwa nani? Tena halikuwa na karamu wala siku ya kusameheana. Aliyelipa aliondoka na cheti chake, na mwaka wa pili akadaiwa upya kama mtu asiyepata kulipa chochote.

Baadaye ikaja pamba. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, mashamba ya pamba ya pamoja yalianzishwa katika wilaya ya Dar es Salaam, ambayo ndiyo iliyokuwa na Uzaramo. Watu walitakiwa kuyafanyia kazi siku 28 kwa mwaka, nazo zikaangukia wakati ambao mtu alihitajika shambani kwake. Mwisho wa msimu, malipo yalipoletwa, yalikuwa madogo mno hata wako waliokataa kuyapokea. Kitendo hicho kimoja, kwa maoni yetu, kinatufunulia mengi kuliko taarifa ndefu za wakoloni. Kupokea malipo ni kukiri kwamba hesabu imefungwa. Wao waliiacha wazi.

Hesabu hiyo ilifunguliwa mwaka 1905. Wazaramo, pamoja na Waluguru na Wakutu, walikuwa na mazoea ya kupeleka wajumbe kwenye pango la Kolelo katika milima ya Uluguru, hasa mvua ilipokataa kunyesha. Martin Klamroth, mmisionari wa Kijerumani katika Uzaramo, ameandika kwamba katika siku zile za Maji Maji habari iliyotoka kwa Kolelo ilibadilika. Kolelo alikuwa amekataza watu wasiwalipe tena wageni weupe kodi. Katikati ya Julai yangekuja mafuriko makubwa, nayo yangewafagilia mbali wageni na wafuasi wao. Na bunduki za askari zingetoa maji. Mwenye kuyasoma maneno hayo akiwa na Siku ya Mwaka mawazoni atatambua mambo mawili anayoyajua: deni lifutwalo, na maji yaoshayo nchi nzima kwa siku moja iliyotajwa. Kibasila wa Kisangire, ambaye jina lake limepewa shule ya sekondari ya Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa Wazaramo waliosimama upande wa vita.

Mafuriko hayakuja, na bunduki zilitoa risasi. Kodi ikaendelea, Waingereza wakairithi, na ikapita hata Uhuru wa mwaka 1961. Kodi ya kichwa ya halmashauri ilifutwa mwaka 1969. Ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, pamoja na kurudishwa kwa serikali za mitaa, na mwaka 2003 ikafutwa tena.

Limebaki jambo moja la hesabu, ambalo wanafunzi wanaweza kulifanya wenyewe. Mwaka wa miongo hauna siku ya nyongeza kama ile tuitiayo mwezi wa Februari kila mwaka wa nne, kwa hiyo Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja katika kila miaka minne, au siku 25 hivi katika karne. Zamani za Steere iliangukia mwishoni mwa Agosti. Sasa Makunduchi huadhimisha mwezi wa Julai. Serikali yetu nayo hufunga vitabu vyake vya fedha tarehe 30 Juni. Hesabu ya wazee ikiachwa iende kama ilivyokwenda siku zote, basi mwanzoni mwa karne ijayo Mwaka Kogwa utakutana na siku hiyo.