Pingili Tano au Sita? Mgongo wa Kijana wa Turkana

Leo tuache programu kidogo tuzungumzie mgongo, ingawa mtaona mambo ni yale yale.

Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya hodari wa kusaka visukuku, aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kikundi cha Richard Leakey na Alan Walker kikachimba, kikapata sehemu kubwa ya mifupa ya mtoto wa kiume aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita.

Walipohesabu pingili za kiunoni wakapata sita. Wengi wetu tuna tano. Tena mgongo ulionekana umepinda upande. Mwaka 2001 watafiti Latimer na Ohman wakasema mtoto huyu alizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Hilo si jambo dogo: kama alikuwa mgonjwa, hawezi kuwa kipimo cha wenzake wote. Ni sawa na kujaribu programu kwa faili moja iliyoharibika.

Martin Haeusler na wenzake wakarudia kazi. Mwaka 2011 walitambua vipande zaidi vya pingili na mbavu, hesabu ikawa 12 za kifuani na 5 za kiunoni. Mwaka 2013 wakakataa kasoro ya kuzaliwa. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba mbavu zikipangwa upya, kule kupinda kunatoweka. Waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huo: kukosea hesabu kwa moja.

Kwa walio hai kosa hilo ni hatari zaidi. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na mwaka 1917 Mwitaliano Bertolotti akaeleza maumivu ya watu ambao pingili yao ya mwisho ya kiunoni imeungana na mfupa wa chini yake. Wengi wanazaliwa hivyo na hawajui mpaka wapigwe picha. Lakini picha ya MRI ya kiuno haionyeshi mgongo wote, na msomaji akihesabu kutoka chini, pingili iliyoungana inaharibu namba zote. Daktari anaweza kupasua mahali si pake. Njia salama ni kuhesabu kuanzia shingoni.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukipigwa picha Ngong au Nairobi na ripoti ikataja pingili ya mpito, usiitupe. Mwonyeshe kila daktari atakayeugusa mgongo wako.