Nani Aliruhusiwa Kujistiri?

Hapa Roret mama anafunga kitambaa kichwani, anaingia shambani kuchuma chai, na hakuna anayemuuliza ukoo wake. Unguja ya karne ya 19 haikuwa hivyo.

Surat An-Nur, aya ya 31, inawataka wanawake waumini washushe mitandio yao ifunike vifua. Haiweki sharti la mali. Lakini mtumwa wa kike Unguja alivaa merikani au kaniki, kichwa wazi. Kujistiri kulikuwa alama ya waungwana.

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta utumwa kisheria. Masuria walisubiri hadi 1909. Waliopata uhuru walifanya nini? Walijitanda kanga, wakafunika vichwa. Baadaye wakavaa na buibui, vazi la mabibi wa Mji Mkongwe.

Ndiyo maana nasita nikisikia eti buibui ni kifungo tu, basi. Wapo wanaolazimishwa, sikatai. Ila kwa wanawake wale wa Ng'ambo, kujifunika kulimaanisha jambo moja: mimi si mali ya mtu, na stara ni haki yangu pia.