Joto la Bahari na Mwamba wa Mombasa
Kuta za Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni mawe ya matumbawe. Matumbawe hai yangali yapo kwenye mwamba wa Nyali na Bamburi, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1986. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani mdogo unaolilisha kutoka ndani yake, hubaki jeupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, wakati wa El Niño: miamba mingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Samaki nao hutaabika, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo ilhali miili yao huihitaji zaidi. Ukiogelea hifadhini, tafadhali usikanyage matumbawe.