Mwanya wa Vali: Kiswahili cha Ufundi katika Historia ya Sera ya Lugha nchini Uganda

Historia ya Kiswahili nchini Uganda huelezwa kwa kawaida kupitia matamko ya watawala. Makala hii inaitazama kutoka gereji, kwa kutumia mfano wa kazi moja: kurekebisha vali za trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu na vali sita.

Fundi aliyeifumua injini hiyo na kuiunganisha upya huizungusha kwa mkono, ikiwa baridi, hadi vali ifunge kabisa. Kisha hupima mwanya kati ya shina la vali na mkono unaoibonyeza: milimita 0.30. Mwanya ukiwa mdogo mno, vali hutanuka kwa joto na kushindwa kufunga barabara. Mgandamizo huvuja na vali huungua. Ukizidi, injini hugonga na kupoteza nguvu. Kwa mkulima, kosa hilo laweza kumkosesha msimu.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala; mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga. Kiswahili kikaendelea kuwa lugha ya jeshi na polisi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mkazo wa hatua hizo ulikuwa hadhi ya lugha. Lugha ya kazi ilisahauliwa.

Huko Katwe na katika Soko la Kisekka, mafunzo hutolewa zaidi kwa Kiganda, ilhali miongozo ya watengenezaji imeandikwa kwa Kiingereza. Mwanagenzi asiyeisoma aweza kurithi wepesi wa mkono wa mwalimu wake bila kurithi kipimo.

Yaweza kuulizwa: kwa nini mwongozo usiandikwe kwa Kiganda? Uandikwe pia. Lakini wa Kiswahili utamfaa fundi wa Kampala, wa Kisumu na wa Mwanza kwa pamoja. Tunapendekeza wakuza mitaala, wakishirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, wakusanye kwanza maneno yaliyokwisha kuzoeleka, kama vile vali, pistoni na spana, kabla ya kubuni mengine. Sera itapimwa kwa injini iliyowaka.