Mgambo, Raia na Masalia ya Silaha katika Mpaka wa Magharibi ya Tanzania, 1971–2017

Insha hii inachunguza nafasi ya mgambo, yaani askari wa akiba, katika kuwalinda raia wa Kigoma na maeneo jirani dhidi ya silaha zilizotelekezwa. Hoja yake kuu ni kwamba mgambo aliandaliwa kumkabili adui anayevuka mpaka, ilhali hatari iliyodumu mpakani ni silaha isiyo na mwenyewe.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika umeishi na masalia ya vita kwa muda mrefu. Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao, Graf von Götzen, karibu na Kigoma ili isitwaliwe na adui. Iliibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafirisha abiria kwa jina la Liemba. Si kila salio la vita lililopata hatima njema kama hiyo.

Mafunzo ya mgambo yalipata msukumo mkubwa kutokana na Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotolewa baada ya uvamizi wa Guinea na mapinduzi ya Idi Amin. Kwa wakazi wa Kigoma, tishio hilo halikuwa la kufikirika: mwaka 1973 ndege za kijeshi za Burundi zilishambulia vijiji vya mpakani. Sheria za mwaka 1973 na 1975 ziliimarisha mgambo na kumpa uwezo wa kukamata wahalifu, na katika Vita vya Kagera maelfu ya wanamgambo walipelekwa vitani. Hata hivyo, alichofundishwa mgambo ni gwaride, matumizi ya bunduki na ulinzi. Kutegua mabomu kulibaki kazi ya wataalamu wa JWTZ.

Vita vya Burundi vya 1993 na vya Kongo vya 1996 viliubadili mpaka huo. Wakimbizi walivuka ziwa kwa mitumbwi, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Walio wengi walikuwa wakizikimbia silaha. Lakini njia za mpakani zilipitisha pia bunduki na mabomu ya mkono.

Milipuko ya maghala ya JWTZ huko Mbagala (29 Aprili 2009) na Gongo la Mboto (16 Februari 2011), jijini Dar es Salaam, ilionyesha namna ya kukabili hatari ya aina hii. Mabomu yalitawanyika katika makazi ya watu. Wananchi wakahimizwa wasiyaguse bali watoe taarifa, na wanajeshi wakayakusanya. Mijini wataalamu hufika upesi. Vijijini umbali ni sehemu ya hatari yenyewe. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, kaskazini mwa Kigoma, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu liliwaua wanafunzi watano na kujeruhi wengine wengi.

Tukio la Kihinga linabainisha pengo. Kati ya mtoto anayeokota na mtaalamu anayetegua, mtu wa karibu ni mgambo wa kijiji. Hahitaji kufundishwa kutegua. Anahitaji kukitambua kitu cha hatari, kuwaondoa watu, kulinda eneo na kupeleka taarifa polisi ili jeshi liitwe. Historia ilimpa mgambo bunduki na imani ya wanakijiji. Katika mpaka huu, imani hiyo ndiyo inayoweza kuokoa watu wengi zaidi.